Vidole Vitatu vya Mwalimu wa Uraia

Kila asubuhi mwalimu wa elimu ya uraia hupita soko la Kadutu akienda shuleni, kola ya koti lake la abakosti imefungwa mpaka kooni, na husimama kwenye meza ya Maman Nsimire apumue kabla ya kupanda mlima. Humshika samaki mkavu mmoja, humnusa, humrudisha. Hanunui, lakini Nsimire hamfukuzi, maana mtu mwenye maneno huvuta wateja wenye pesa. Vidole vyake vina chaki hata siku ya mapumziko. Zamani alivitandaza vitatu akiwaeleza wauza chumvi: huyu anatunga sheria, huyu anatawala, huyu anahukumu, na hakuna anayemwingilia mwenzake. Tangu katiba ibadilishwe na mamlaka yote kupewa mtu mmoja, huvitandaza vilevile, kisha huvikunja ngumi polepole, kama mtu anayefunga duka lisilo na bidhaa.

Siku moja komini, serikali ya mtaa, ikatangaza kwamba meza za kando ya barabara zitavunjwa, kwa kuwa mkubwa fulani atapita hapo.

"Sitwayeni mwalimu," Nsimire akamwuliza, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza, "bakivunja meza yangu, ntaenda kushitaki kwa kidole gani?"

Wauzaji wakacheka. "Mujibu, papa! Ao katiba imelala?"

Mwalimu aliinua mkono. Vidole vikachomoza, vikakaa hewani, vikarudi. Akatazama upande wa juu wa barabara, kulikotoka kelele za nyundo zikivunja meza za wengine. Kisha akafungua kola, akaweka mfuko wa vitabu chini, akashika pembe ya meza.

"Kamata upande ule, maman," alisema. "Tuifiche nyumbani kwangu, mbele bafike."