Eeddo Dahabo Alitufundisha Kuimba kwa Nyayo

Sisi tuliokulia Habaswein kabla simu hazijafika hatukujifunza kuimba kwa mdomo. Mdomo ulikuja mwisho kabisa. Tulianza na nyayo, tukapanda magotini, tukakaa sana tumboni, na mwalimu wetu aliporidhika ndipo tuliporuhusiwa kufungua kinywa. Nayaandika haya kwa wenzangu wa umri wangu, wale ambao wakisikia harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi bado wanameza mate. Na nayaandika sasa kwa sababu wiki hii nimeambiwa nikae kwenye kiti.

Ya kiti nitayafikia. Nianze na mwalimu.

Alikuwa dada yake baba, kwa hiyo tulimwita eeddo, yaani shangazi. Eeddo Dahabo. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ngamia waliopotea, na majivuno yake hakuyaficha. "Mimi nikiimba," alituambia, "hata mbuzi wa jirani wanaacha kutafuna." Ndiye aliyeongoza buraanbur upande wetu, yale mashairi ya kujibizana ambayo wanawake huyaimba harusini kwa makofi na ngoma, wakiwa peke yao, wanaume wako kando wakila nyama yao.

Alasiri, tukitoka madrasa, alitukusanya wasichana wa boma nyuma ya nyumba. Amri ya kwanza ilikuwa kuvua kandambili. Ardhi bado ilikuwa na moto wa mchana, nasi tulirukaruka tukilalamika. "Wimbo uko chini," alisema. "Utaupata vipi na plastiki katikati?" Basi tulikanyaga, kulia, kushoto, kulia, mpaka vumbi likatufika viunoni. Jina la mji wetu lenyewe maana yake ni vumbi jingi, kwa hiyo hatukupungukiwa. Kisha alitupa vibuyu vya maziwa tuvisuke mapajani, huku na huku, wimbo ukienda na mwendo wa maziwa. Siagi isipokusanyika alijua tumeukimbiza wimbo. Baada ya hapo ulikuja mchi na kinu, wasichana wawili kwa kinu kimoja, na ole wako upotee kwenye mapigo, kwa maana mchi wa mwenzako haukusubiri. Kwa muda mrefu niliamini Eeddo alibuni masomo haya ili kazi zake zifanyike. Bado naamini hivyo, kidogo.

Tumboni ndiko alikokuwa mkali. Alikufunga kitambaa kiunoni, akakikaza, halafu akasema, "Haya, kisukume." Ukivuta pumzi kwa mabega, mwiko ulikugonga. "Hayo mabega umeyaazima wapi, abaayo, dada yangu? Yarudishe kwa mwenyewe."

Mtihani ulikuwa kwenye laga, ule mto unaokauka mvua ikiisha. Ulisimama ukingo wa huku, mbuzi wanakula ukingo wa kule, ukaimba. Mbuzi wakiinua vichwa, umefaulu. Wasipoinua, rudi kwenye kibuyu. Nilirudi sana kwenye kibuyu. Sijawahi kuona watahini wagumu kama wale mbuzi.

Tukimaliza tulikula anjera, ile mikate laini kama chapati za maji, kwa ile siagi tuliyoisuka wenyewe, na chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Vijana wangu wa leo hapa Garissa huniuliza kwa nini maziwa ya nyumbani yananuka moto. Wao wanapenda ya pakiti, yasiyonuka chochote na yasiyosema chochote.

Lakini nilikuwa pia na shule, na shule ilikuwa na kwaya. Mwalimu wetu wa kwaya alitoka mbali, mtu mpole, suruali yake haikukosa mstari wa pasi hata katika vumbi lile. "Mikono ubavuni," alisema. "Macho mbele. Asitikisike mtu." Tulisimama kama nguzo za ua, tukaimba kuanzia kidevuni kwenda juu. Wageni walipiga makofi, nami nikaanza kuamini kwamba hivyo ndivyo wanavyoimba watu waliosoma, na kwamba kukanyagakanyaga ni mambo ya nyuma ya nyumba.

Ndipo ikaja harusi ya dada yangu Halima. Bwana harusi alitoka Banissa, kwa wafanyabiashara wa mifugo, na wanawake wao walikuja kwa lori, wamechoka, lakini midomo yao haikuchoka. Wasiojua desturi yetu niwaeleze: katika buraanbur ya harusi upande wa mwanamume huuimbia upande wa mwanamke, na upande wa mwanamke hujibu. Upande ukikosa jibu, umenyamazishwa. Na Halima alikuwa anakwenda kuishi na wanawake wale. Tukinyamaza, angeingia nyumba ya watu akiwa binti wa ukoo ulionyamazishwa, na mawifi wangemcheka kwa hilo kila akichelewesha chai.

Asubuhi ya siku hiyo Eeddo Dahabo aliamka bila sauti. Kifua kilikuwa kimemshika tangu mwanzo wa wiki ile, akakidharau, na sasa kinywa kilifunguka, hakikutoka kitu. Aliwatazama wasichana wake mmoja mmoja, kisha akaninyooshea kidole mimi.

Mama alinivalisha dera la manjano na viatu vipya, vyenye soli nene na kisigino. Nilivipenda viatu vile kuliko nilivyompenda mtu yeyote siku hiyo, bibi harusi akiwemo.

Ngoma ilianza. Kutoka upande wa Banissa alisimama mama mwenye jino la dhahabu, akajifunga shuka kiunoni, akaimba: "Tuliambiwa Habaswein kuna watu, tumefika, tumekuta vumbi limevaa shanga!" Wenzake wakaangua kicheko, makofi yakapamba moto. Halima aliinamisha kichwa ndani ya mtandio.

Nikasimama mimi. Na kwa kuwa watu wote walikuwa wananitazama, nilifanya nilichofikiri ni cha heshima: nikanyoosha mikono ubavuni, macho mbele, sikutikisika. Sauti iliyotoka hata mimi niliionea huruma.

"Naa, nyie, huyu ni kifaranga?" aliuliza mmoja wa Banissa.

"Mleteeni mtama!" akajibu mwingine.

Ngoma ikafifia. Nikamtafuta Eeddo kwa macho. Hakuweza kusema, lakini alikuwa anatazama viatu vyangu jinsi mtu anavyomtazama fisi aliyeingia zizini.

Nikavivua. Sikuviweka vizuri, nilivirusha, na kimoja kikaangukia sinia la halwa. Wakacheka tena, lakini nilikuwa nimeshakanyaga ardhi, na ardhi ile nilikuwa naijua. Kulia, kushoto, kulia. Magoti yakalegea. Tumbo likashuka mahali pake. Wasichana wenzangu walipoona miguu yangu wakaanza makofi yale ya nyuma ya nyumba, na ngoma ikatufuata. Niliimba: "Vumbi mnalolicheka ndilo lililowaongoza njia! Mmelifuata safari yote hiyo, kwani kwenu hakuna wasichana?"

Vigelegele vilipasuka mpaka wanaume kule kwenye nyama wakatuma mtu kuuliza kuna nini. Halima alicheka wazi, mtandio umemteleza. Mama wa jino la dhahabu alikuja moja kwa moja mbele yangu, nami nikadhani atanipiga kofi. Alivua shuka yake akanitupia mabegani, kama inavyofanywa kwa aliyeimba vizuri.

"Nani amekufundisha, wewe kifaranga?"

Nilimwonyesha. Eeddo Dahabo, asiye na sauti, aliinua mguu wake akaupiga chini mara moja. Marundo ya sahani yalitetemeka. Mama yule akatikisa kichwa, akasema, "Basi. Nimesikia."

Eeddo amekwisha kututangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Leo mimi ndiye eeddo, na binti wa kaka yangu, Ifrah, anaolewa hapa Garissa, katika ukumbi wenye vigae na feni.

"Eeddo, wewe kaa tu," aliniambia. "Tumekuwekea kiti kizuri mbele. Nyimbo ziko kwa simu, spika tumekodi. Magoti yako yapumzike."

Jioni hiyohiyo akanitumia video, kwa kuwa siku hizi yeye na marafiki zake wanasomea uimbaji kwenye simu. Mwalimu wa huko, mwanamke msafi wa nchi za watu, anawaambia wanafunzi wake wavue viatu, walegeze magoti, wavute pumzi kwa tumbo, waisikie sauti ikipanda kutoka sakafuni. "Eeddo, umeona? Hii ni kitu mpya kabisa!" Niliitazama hadi mwisho. Mama wa watu anasema kweli. Alichokosa ni mbuzi.

Nakubali yaliyokwenda yamekwenda. Boma lile limejengwa maduka, laga tunaivuka kwa gari bila kuitazama, vibuyu vinauzwa kuwa mapambo, na wasichana wanaojua kumjibu mtu wa Banissa kwa mstari mmoja ni wachache. Spika inaweza kuimba usiku kucha bila kukauka koo, lakini haiwezi kujibu. Akisimama mtu upande wa pili akamdharau Ifrah, spika itaendelea tu na wimbo wake.

Kwa hiyo jana nilikwenda kuukagua ukumbi. Haukuwa na mtu. Nilivua viatu, nikavipanga vizuri ukutani, maana umri umenifunza hilo, nikasimama katikati ya vigae. Vilikuwa baridi. Nikainua mguu, nikapiga chini mara moja kwa nguvu zangu zote.

Mlinzi alikuja mbio kutoka getini, rungu mkononi. "Mama! Nini imeanguka?"

"Hakuna kitu kimeanguka," nikamwambia. "Ni mimi nimesimama. Na hicho kiti cha mbele kitoe."