Kompyuta Iliyogoma Harusi Ikiwa Ndani

Ni saa nne asubuhi, mtaani Daraja Mbili, na Rukaiya Said anapiga makofi peke yake. Kompyuta yake imewaka. Wiki iliyopita ungeiwasha, ukaenda kuteka maji, ukarudi, bado inajifikiria.

"Umeona? Umeona hiyo?" anamuuliza mwandishi wa makala haya, huku akifungua picha za harusi moja baada ya nyingine. "Hata chai sijaikoroga!"

Rukaiya, mwenye umri wa miaka 31, hurekodi video za harusi na kuzihariri katika chumba kilichopakana na duka la vitenge. Alianza kwa kumshikia taa mpiga picha mwingine. Biashara huria iliporuhusiwa nchini na kompyuta za mtumba zikamiminika mjini, aliuza cherehani yake, akanunua moja. Mwezi wenye harusi nyingi humwingizia kama shilingi laki mbili. Ramadhani ikiingia, karibu hapati kitu.

Hivi karibuni alirekodi harusi ya Anyesi, binti wa Mzee Lemburis, mfugaji wa magharibi mwa Mlima Meru. Mzee hakuwepo. Alikuwa amevunjika mguu, akabaki wodini huku binti yake akivishwa pete.

"Alinipigia simu mwenyewe," anasema Rukaiya. "Akaniambia, 'Binti yangu, mimi sikumsindikiza mwanangu kanisani. Nataka nimwone kwenye televisheni kabla hajahamia Mwanza na mumewe.'"

Anyesi alikuwa aondoke Jumapili. Alhamisi, kompyuta ikagoma. Kila Rukaiya alipojaribu kukata kipande, kioo kiliganda. Na kanda ya harusi ile alikuwa ameshaifuta kwa kurekodia harusi nyingine juu yake. Bibi harusi alibaki ndani ya kompyuta tu.

Wenzake wakamshauri atafute programu ya kuisafisha. Ipi sasa? Kwenye intaneti ilimrukia moja yenye maandishi mekundu, ikidai kompyuta yake ina kasoro mia tisa, na kwamba alipe kwanza. Jirani akamletea nyingine kwenye sidii, iliyoahidi kumaliza kila kitu yenyewe kwa kubonyeza mara moja.

"Ile ya kwanza nilijiuliza, kasoro mia tisa imezionaje wakati hata sijaikaribisha ndani? Lakini ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Inafuta nini? Haisemi. Je, ikimfuta bibi harusi?"

Akaenda kwa Ndesanjo, fundi aliyemuuzia kompyuta. Fundi akampa programu ndogo ya bure. Hiyo huonyesha takataka kabla ya kuzifuta, na huonyesha programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapoamka. Mwenye kompyuta ndiye anayeamua kipi kiondoke.

"Nikamwambia, hii ndiyo yangu. Hii inabisha hodi," anasema, akicheka.

Ndesanjo alimwonya. "Haiiongezei kompyuta nguvu, dada. Inatoa uchafu tu. Na kabla hujagusa kitu, nakili harusi ya watu pembeni."

Rukaiya akainakili kwenye diski. Kisha akaanza kufagia: mabaki ya intaneti, michezo ya shemeji yake, programu chungu nzima ambazo hakumbuki aliziweka lini. Akazima. Akawasha.

"Nilipiga kelele! Mwenye duka la vitenge alikuja mbio akidhani nimepigwa na shoti."

Jumamosi jioni alipanda mwenyewe kwa Mzee Lemburis na video mkononi. Jenereta ikawashwa, majirani wakajaa sebuleni. Mzee, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini, alikaa mbele, mguu umenyooshwa juu ya stuli, Anyesi pembeni yake.

"Baba alikuwa akitazama tu mpaka pale ninapoingia kanisani," anasimulia Anyesi kwa simu kutoka Mwanza. "Mara akaanza kuisemesha televisheni: 'Tembea polepole, mwanangu, usikanyage gauni.' Nami nipo hapo hapo, nimemshika mkono!"

Tangu siku hiyo simu ya Rukaiya haitulii. Sasa anatafuta chumba Usa River, ambako vijana wa mashamba ya maua wanaoana kila mara na hakuna wa kuwahariria video. Anataka kuanza na wasichana wawili, awafundishe kamera na kompyuta.

"Mmoja ameniuliza kama mwanamke ataweza kubeba kamera kutwa nzima," anasema, akijitwika mkoba wake begani. "Nimemwambia aje Jumamosi. Nina harusi mbili."