Hema Katika Shimo la Mazuku

Mwezi uliopita nilirudi Nyamyumba kusaini karatasi za shamba la familia. Kazi iliisha mapema, nikashuka kwa miguu hadi ziwani, na huko nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta wa mawe meusi. Ndani yake kuna bustani, na wageni wa mjini hukaa humo wakinywa kahawa na kupigana picha. Mlinzi aliniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, ninatafuta shimo. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetolewa hospitali kabla ya kupona.

Shimo lile limejazwa mawe na udongo. Wewe uliyenizoea utaniuliza shimo gani tena hilo, maana sijawahi kukusimulia. Ni kweli. Sikukusimulia kwa sababu ninaona haya, na haya yangu ina umri wa zaidi ya miaka ishirini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi na Nyogokuru, yaani mama wa mama yangu. Upande wetu ukisema "bibi" wengine watadhani unamtaja mke wa mtu, kwa hiyo wacha nimwite hivyo hivyo tulivyomwita. Alikulia Goma, upande wa Kongo, na Kiswahili cha huko hakikumtoka mdomoni hata alipoolewa ng'ambo hii ya mpaka. Tulilima maharagwe, vitunguu na karoti. Siku ya neema tulikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakikaangwa mpaka wanavunjika mdomoni. Tulipokuwa na viazi tulivipeleka kwenye chemchemi ya maji moto, tukavichovya vikiwa ndani ya mfuko, tukingoja viive huku tukicheza. Hayo ndiyo ninayopenda kukumbuka.

Lakini milimani kulikuwa na vita. Wacengezi, yaani wapiganaji waliokuwa wakijipenyeza kutoka ng'ambo, walikuwa wameanza kupungua, ila milio ya bunduki bado tuliisikia. Giza likiingia hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Mwanajeshi akikuona unatembea kimya gizani, hakuulizi jina. Kupanda mlimani kutafuta kuni nako kulikatazwa. Tukawa tunapikia mabua na majani ya migomba, moshi mwingi na moto kidogo. Chungu cha maharagwe kikibandikwa asubuhi, mnakula jua likizama, tena yangali magumu.

Sasa shimo. Chini ya shamba letu, kabla ya kufika kwenye mchanga wa ziwa, palikuwa na bonde dogo lenye nyasi laini za kijani mwaka mzima. Mtu asiyejua angesema Mungu amemtandikia zulia. Sisi tulijua kwamba mna mazuku, upepo mbaya unaotoka ardhini. Hauna rangi, hauna harufu. Jioni kukiwa shwari hujaa chini kama maji kwenye beseni, na kiumbe chochote kilicholala humo hakiamki. Mama jirani alipoteza mbuzi wawili kwa siku moja. Ndipo akachimbia miti minne ya mikaratusi kuzunguka ukingo, akaifunga vitambaa vyekundu, kila mtu aone. Kisha vita vikamkimbiza akaenda kwa ndugu zake Goma, miti ikabaki.

Ile miti ilikuwa mikavu, rafiki yangu. Mikavu kabisa. Kila nilipopita kuchota maji niliitazama kwa jicho la mpishi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, nami ni shahidi wao. Siku moja Nyogokuru alipokwenda sokoni Gisenyi na vitunguu vyake, niling'oa miti yote minne, nikaikata, nikaivuta hadi jikoni. Vitambaa nikavitupa ziwani. Siku hiyo maharagwe yaliiva saa sita mchana, laini kama ya watu wenye duka. Nyogokuru aliporudi alikula akaongeza. Nikajiambia kila mtu hapa anajua shimo liko wapi, nani atapotea?

Siku nne baadaye, Jumamosi alasiri, gari kubwa la rangi ya udongo lilisimama juu barabarani, chini ya mikaratusi. Walishuka wazungu wawili, mume na mke, wenye mvi na viatu vya vumbi. Walikuwa wamisionari. Waliniambia kwa Kiswahili cha darasani, safi kama sahani iliyooshwa, kwamba wametoka kusini kabisa mwa Afrika na wanapanda kaskazini kwa gari, wakitembelea makanisa na kulala hemani kila mahali. Walikuwa wakingoja Jumatatu wavuke mpaka kwenda Goma. Mchungaji wetu aliwapa kuku na akawaelekeza kwa Nyogokuru, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na shamba lake linafika karibu na ziwa.

Nyogokuru hakuwa amerudi kutoka sokoni. Nilikuwa peke yangu. Mama wa kizungu alinipa kipande cha mkate uliopakwa jamu, nami nikawa mtumwa wake papo hapo. Mume alizunguka akitafuta mahali pa hema asikanyage maharagwe yetu. Akashuka. Akaona zulia lile la kijani. Akageuka akiniita kwa furaha.

"Mtoto mzuri, hapa ni pa nani? Tunaweza kulala hapa?"

Nilijua jibu kama ninavyojua jina langu. Lakini nilijua pia swali litakalofuata: kama ni pabaya, mbona hapana alama? Na fimbo ya Nyogokuru ilikuwa nyuma ya mlango. Nikasema, "Si pa mtu."

Ulikuwa ukweli. Nimeshawahi kusema uongo mwingi maishani, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa mbaya kama ukweli huo.

Nyogokuru alifika jua likiwa linagusa milima ya Kongo. Nguvu zilikuwa zimemwishia kwa mwendo, akavua viatu akauliza, "Wageni iko wapi? Mchungaji aliniambia."

"Wako chini, karibu na ziwa," nikajibu.

Alidhani ni kule mchangani. Akasikitika kwamba giza limeingia na hawezi kuwapelekea chakula. "Mugeni kulala na njaa kwangu, ni haya," alisema, akafunga mlango. Akakaanga sambaza. Harufu ilijaa chumba, mafuta yakilia kwenye kikaango, nami nilikaa nimekumbatia magoti. Kila nikifumba macho niliwaona mbuzi wawili wa jirani, matumbo juu. Nilianza kuhesabu moyoni: sasa wanakula, sasa wanasali, sasa wanalala. Maana nilijua, ukiwa umesimama unaweza kupona, ila ukilala umekwisha.

Nyogokuru alisukuma sahani kwangu. Sikuigusa. Mtoto asiyekula sambaza nyumbani kwetu alikuwa mgonjwa au mkosaji.

"We, iko nini?"

"Nyogokuru, tente yao... iko mu shimo."

"Shimo gani?"

"Ile ya mazuku."

Alisimama sahani ikaanguka. "Mana yanjye, Mungu wangu! Na ile miti ya alama, hawakuiona?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, ningepita tu. Nikasema, "Sijui."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Bon. Leta taa."

Nilianza kulia, nikamwambia askari watatupiga risasi. Alikuwa tayari amejifunga kitenge. "Wakinipiga, watanipiga ninaimba," alisema. "Na we unakuja. Sauti ya mutoto hawawezi kuipiga. Imba nguvu!"

Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zile: mwenye shari alijificha, kwa hiyo mwenye heri alilazimika kuonekana na kusikika. Tulitoka nje na taa ya mafuta imeinuliwa juu ya kichwa, tukiimba wimbo wa kwaya kwa sauti zote mbili, yake nzito iliyopasuka, yangu ikitetemeka. Tulipita kati ya migomba. Kila jani lililotikisika niliona ni mtutu. Sijawahi kuimba vile tena kanisani wala popote.

"Simama hapo!" sauti ya kiume ilipasua giza.

Nyogokuru alisimama, lakini alimalizia ubeti kwanza. Halafu akasema, "Ni mi, mukecuru, mama muzee wa hapa. Wazungu wanakufa mu shimo. Kama unataka kuniua, uniue nyuma, tukimaliza. Sasa unisaidie."

Mwanajeshi alitokea na tochi, kijana mrefu mwenye Kiswahili cha jeshini. "Mama mzee, unatafuta kifo?" aliuliza. Nyogokuru alishaanza kushuka. Kijana akatufuata.

Kule chini mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, taa yao ya betri juu ya sanduku, Biblia magotini. Hema lilikuwa nyuma yake. Alipotuona alisimama kwa adabu, akayumba kidogo, akashika kiti. "Shikamoo, mama," alisema. "Karibuni sana. Mke wangu amelala, kichwa kinamuuma."

"Mutoke! Mutoe mama, haraka!"

Alitabasamu, hakuelewa. Pengine alidhani tumekuja kumfukuza kwenye shamba. Nyogokuru hakuwa na muda wa kueleza. Alifunga taa yetu kwenye ncha ya kitenge chake, akainama ukingoni, akaiteremsha polepole ndani ya bonde. Ilipofika usawa wa goti la yule mzee, mwali wake ulipungua, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukazimika. Hapakuwa na upepo hata kidogo.

Mzungu alitazama taa ile. Kisha akageuka kumtazama kuku wake, aliyekuwa amefungwa kwenye kamba ya hema. Kuku alikuwa amelala kifudifudi, mbawa zimetandazwa. Hapo akapiga kelele ya jina la mkewe, na sauti ile bado ninayo masikioni.

"Funga pumzi! Usipumue chini!" Nyogokuru alifoka.

Mwanajeshi alilaza bunduki yake kwenye nyasi, miguuni pangu, akavuta pumzi akaruka ndani. Yeye na yule mzungu waling'oa hema lote. Walimburuta yule mama akiwa ndani ya mfuko wake wa kulalia hadi juu, wakamlaza shambani juu ya maharagwe yetu. Hakusogea. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya. Nyogokuru alimpiga mashavu, akampepea, akamwita kwa majina yote ya Mungu anayoyajua. Mimi nilisimama kando ya bunduki nisiyothubutu kuitazama, nikisema kimoyomoyo, nitasema, akipona nitasema kila kitu, akipona tu.

Alikohoa. Akatapika. Akavuta hewa kwa mlio kama wa mlango mbovu, akaanza kulia. Mumewe alipiga magoti kwenye matuta. Mwanajeshi aliketi chini akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeogopa sana.

Na mimi sikusema.

Wageni walilala kwetu, sakafuni, mikeka ikiwa imebanana. Alfajiri nilisikia nyundo. Nyogokuru alikuwa amevunja kitanda chetu cha pekee, ametoa miti yake minne, anaichimbia ukingoni mwa shimo na kuifunga vipande vya gauni lake jekundu. Sikumuuliza kwa nini kitanda. Tangu siku hiyo tulilala chini.

Ilikuwa Jumapili. Kanisani mume alitoa ushuhuda, mkewe amemwegemea, bado dhaifu. Alisema Mungu alimtumia mtoto mdogo aliyekataa kula ili wao waishi. Mchungaji akaniita mbele pamoja na Nyogokuru. Nilikwenda. Watu walipiga makofi na vigelegele, yule mama akanikumbatia akilia kwenye nywele zangu, nikapigwa picha. Nilipoangalia kwenye mabenchi ya wanawake, Nyogokuru alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani.

Njiani nilimuuliza mbona hakusimama.

"Maharagwe yako iliiva saa sita," alisema. "Jirani ingine aliniambia, alisikia harufu. Na nilipokula nilijua. Majani ya mugomba haiivishe maharagwe namna ile. Kesho yake nilishuka, nikaona mashimo mane, miti hakuna."

Nilisimama barabarani. Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini hakunichapa.

"Nikuchape kwa nini? Nilikula, nikaongeza. Nilisema nitaweka ingine kesho. Kila siku nilisema kesho." Akanishika mkono, jambo ambalo hakulizoea. "Donc, tuko wawili. Lakini mbele ya watu mi siendi."

Jumatatu walipakia gari. Yule mama alishuka tena kunikumbatia, akaniambia kwamba kila watakapopiga hema, mpaka mwisho wa Afrika, atawasimulia watu habari zangu. Nilifungua mdomo. Mumewe akapiga honi, akacheka, akamwita. Gari likaelekea mpakani na sisi hatukupata habari zao tena.

Leo wacengezi hawapo. Askari wa njiani hawapo, na watoto wa Nyamyumba hurudi nyumbani jioni wakipiga kelele bila kulazimishwa. Nyogokuru tulimzika na siri yetu. Juu ya shimo watu wanakunywa kahawa. Lakini kama yule mama alitimiza ahadi yake, basi kuna vijiji na kambi nyingi, sijui ni ngapi, ambako watu waliokaa kuzunguka moto walisikia habari za mtoto mwema wa kando ya ziwa. Wewe ukikutana na yeyote aliyezisikia, mwambie unamfahamu mtoto huyo, na kwamba hakuwa yule anayesimuliwa.