Afande Aliyeng'oa Milango ya Kabati

MBALE. Kengele ya asubuhi haijalia, na tayari Shadiah Jibril anapiga kelele.

"Wewe, kidole! Weka nyuma ya makali, si mbele! Kesho utakula posho na mkono gani?"

Wanafunzi wa kidato cha nne wameinamia meza ndefu, kila mmoja na patasi yake, wakichonga vipande vya mbao vilivyoombwa kwa mafundi vitanda wa mtaa wa Namakwekwe.

Wanamwita Afande. Hapa Mbale, ambako Kiswahili huhesabiwa lugha ya askari, mtu anayetoa amri kwa Kiswahili kutwa nzima huwakumbusha watu kambi za jeshi, na babu yake Shadiah, Mnubi, kweli alikuwa askari. Jina hilo halimsumbui. "Waniite watakavyo. Mimi nataka vidole vibaki kumi."

Shadiah, mwenye umri wa miaka 47, ni mtunza karakana wa shule moja ya binafsi, na vipindi vya vitendo husimamia yeye. Alikulia Masese, Jinja, ambako marehemu baba yake alitengeneza mitumbwi. Alijua kunoa kabla hajajua kusoma.

Ijumaa hii huenda akapoteza kazi. Kamati ya shule inamtaka aombe radhi na kurudisha milango ya kabati la vifaa, aliyoing'oa wakati wa likizo. Radhi hataki kuomba. Milango nayo hana: wanafunzi wameshaigeuza nyundo za mbao.

Kwa miaka mingi, vifaa vya somo la teknolojia na ubunifu viliishi ndani ya kabati hilo: patasi, randa, misumeno, tupa. Vilikuwa vifaa vizuri, hakuna ubishi. Vilitolewa siku wakaguzi walipokuja, vikatandazwa juu ya kitambaa cheupe, wageni wakasifu, vikarudishwa. Wanafunzi waliishia kuvichora. Nimeona daftari moja lenye msumeno uliochorwa kwa ustadi mkubwa, hata meno yanahesabika, na mwenye daftari alikuwa hajawahi kukata nao hata kijiti. Wengine watacheka. Mimi nilikasirika.

"Kupaka mafuta nilikuwa napaka mimi," anasema Shadiah. "Niliomba jiwe la kunolea, kwa sababu patasi inatoka dukani butu, makali unatia wewe mwenyewe. Wakaniambia, Mama, ukinoa itaonekana imetumika. Mkaguzi tutamwambia nini?"

Muhula uliopita, kabati likafunguliwa kwa mazoezi ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi Brendah Nabifo akapewa patasi inayong'aa. Haikukata. Akasukuma kwa nguvu zaidi, ikateleza, ikamchana kiganja cha kushoto. Alishonwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Mkuu wa shule, Mwalimu Isiko, akaamuru kila kitu kifungiwe na somo lirudi ubaoni. "Mzazi alinipa mtoto mzima," aliniambia. "Nikimrudishia mwenye kidonda, nitamtazama vipi usoni?" Si mtu mbaya, na hofu yake naielewa. Shadiah haielewi, wala hajaribu.

"Bwana, kabati ndilo lilimkata yule binti," anasema. "Patasi yenye makali unaiongoza pole pole, inakwenda. Hii butu unapigana nayo, na yenyewe inakupiga."

Likizo ilipoanza, alikuja na jiwe la baba yake na bisibisi. Alinoa kila patasi na kila randa mpaka mikono ikafa ganzi. Shule ilipofunguliwa, vifaa vilikuwa vimetundikwa ukutani, kila mtoto anavifikia, na ile milango imekuwa mbao za kujifunzia. Mkuu aliporudi kutoka mkutano wa wakuu wa shule, nyundo zilikuwa tayari zinagonga.

Wa kwanza kurudi mezani alikuwa Brendah mwenyewe. Leo anachonga mpini, na kovu linaonekana kila anapogeuza mkono. Namuuliza kama haogopi.

"Naogopa," anajibu. "Lakini mtihani ni wangu. Afande ameniambia niogope huku nimeshika."

Mpango wa Shadiah ni kwamba darasa hili lifike kwenye mtihani wa taifa kila mtoto akiwa ametengeneza kigoda kwa mikono yake, na baada yao lije darasa lingine. Walimu wenzake wamemshauri ainamishe kichwa Ijumaa, aseme samahani mbili tatu, yaishe. Nyumbani pia wanamwambia hivyo hivyo, maana mshahara ni wake peke yake.

Namuuliza atakwenda kusema nini Ijumaa kwenye kikao cha kamati. Anapuliza vumbi la mbao mezani kabla ya kunijibu.

"Kikao ni saa nne, na saa nne mimi nina kipindi. Siendi. Wakitaka kunitoa, waje wanitoe hapa, watoto wanaona. Na huyo atakayenitoa ashike patasi, aendelee kufundisha."