Biskuti za Koku

Serafina alikuwa mwanamke wa chai. Nyumbani kwake Nshamba mgeni hakuulizwa kama atakunywa. Aliwekewa kikombe, na chai yenyewe ilikuwa imekolea sukari. Alipoambiwa hospitali kwamba ana kisukari, na kwamba mandazi na soda na sukari ya chai sasa basi, hakulia. Alirudi nyumbani, akaacha kukaribisha watu.

"Niwakaribishe ili iweje?" alimwambia binti yake. "Wao watafune, mimi niwatazame midomo?"

Binti huyo, Kokushubila, ambaye wengi walimwita Koku, wakati huo aliishi Kibeta, mjini Bukoba, akishona nguo barazani. Maneno ya mama yake yalimkaa moyoni. Hakuwa na oveni. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaiweka kwenye jiko la mkaa, akafunika na kupakia makaa juu ya mfuniko. Alichukua unga wa ulezi, karanga za kusaga, yai, chumvi kidogo, na ndizi mbivu moja ya kuponda, basi. Biskuti za kwanza ziliungua. Zilizofuata zilikuwa ngumu kiasi kwamba Serafina aligonga moja mezani akauliza kama ni za kula au za kujengea.

Koku hakukata tamaa. Aligundua kwamba karanga zikikaangwa polepole mpaka zinukie nyumba nzima, ulimi hauulizi sana habari za sukari. Alipopeleka Nshamba zile zilizokubali, mama yake alitafuna moja kimyakimya, akachukua ya pili, kisha akapaza sauti kuelekea migombani kwa jirani.

"Waitu, ndugu yangu, njoo tunywe chai."

Muuguzi wa kliniki alisema mbili kwa siku hazina neno, na Serafina alizishika hizo mbili kama dozi. Wageni walirudi. Kila aliyeonja aliambiwa, "Huu ni mkono wa Koku."

Aliyezipeleka dukani ni Klaudia, rafiki wa Koku katika kwaya ya usharika. Klaudia alikuwa na duka mjini na oveni ya umeme nyuma yake. Alionja biskuti hizo baada ya ibada, akasema ni dhambi kuzifungia nyumbani. Wakaanza kuoka pamoja. Klaudia akachapisha lebo: *Biskuti za Koku. Ulezi, karanga, ndizi. Bila sukari.* Koku aliiona lebo ile ya kwanza akacheka kwa aibu, maana jina lake lilikuwa halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye vyeti.

Halafu mumewe, Kamala, akapata shamba la mpunga Ngenge, na Koku akamfuata. Kutoka kule hadi mjini ni safari ya kuchosha, na mpunga haumpi mtu likizo. Alimwachia Klaudia kazi yote, pamoja na jina. Aliomba jambo moja tu: kila gari la mzigo likipita Nshamba, mama apelekewe pakiti zake.

"Hilo hata usiniambie," Klaudia alisema. "Mama yako ni mama yangu."

Na kweli alizipeleka bila kukosa. Serafina alipopiga simu Ngenge alisifu, "Biskuti zako siku hizi zimenoga, mwanangu." Koku, matope yakiwa bado miguuni, alifurahi mpaka jioni.

Kisha Serafina akakanyaga msumari uani. Kidonda kilikuwa kidogo, akakipaka dawa akakipuuza. Hakikupona. Mguu ulipoanza kunuka majirani walimbeba hospitali, na Koku alipofika kutoka Ngenge alikuta umeshakatwa chini ya goti. Daktari alisema sukari ilikuwa juu kwa muda mrefu.

Kwenye kabati la kando ya kitanda palikuwa na pakiti iliyofunguliwa. Koku alikuwa hajala tangu asubuhi. Alichukua biskuti moja, akaiuma, na meno yake yakasikia chembe za sukari. Aliigeuza pakiti. Lebo ilikuwa ileile.

Alimrudia daktari akamwonyesha. Daktari aliisoma lebo, akaonja biskuti.

"Inawezekana zimechangia," alisema. "Inawezekana mguu ungekwenda hata bila hizi. Hakuna atakayekupa jibu hilo, mama."

Klaudia alikuwa dukani, akipanga pakiti. Hakukana.

"Zilikuwa zinalala, Koku. Watu wanaonja, wanasifu, wanaondoka na keki. Nikatia kidogo. Zikaanza kutoka, nikatia kidogo tena."

"Na lebo?"

"Nilichapisha nyingi mwanzoni."

"Ukazipeleka kwa mama."

Machozi yakamtoka Klaudia. "Nilizipeleka kwa sababu uliniomba. Sikufikiri. Naapa sikufikiri."

Koku alitamani Klaudia angedanganya. Mtu aliyedanganya ungemchukia ukamaliza.

Jioni aliketi kando ya kitanda akamweleza mama yake yote. Serafina alisikiliza akiangalia dari.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba zina sukari. Ulimi wangu haujafa."

"Sasa kwa nini ulikula, mama?"

"Zilikuwa na jina lako." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Nikasema mwanangu amenihurumia, amenirudishia utamu kidogo kabla sijafa. Nikasema akijua nimejua, ataacha. Ndiyo maana sikuwauliza hata kliniki."

Koku aliinama, paji la uso kwenye chuma cha kitanda. Mama yake hakumbembeleza. Alikuwa amechoka, akalala.

Sasa Koku anaishi Nshamba. Kamala huja anapoweza, na huja mara chache. Klaudia alibandua lebo za zamani, akatengeneza nyingine zenye jina la duka, na biskuti zinauzika kuliko zamani. Siku moja alikuja na wanakwaya kumjulia hali mgonjwa, wakaimba, wakaomba, na Serafina akamwagiza binti yake awape wageni chai. Koku aliwapa. Alimkabidhi Klaudia kikombe kwa mikono miwili kama inavyopasa, na hawakutazamana.

Wiki hiyohiyo alikaanga karanga, akawasha jiko, akaoka upya kwa unga wa ulezi na ndizi moja. Alimpelekea mama yake mbili kwenye kisahani. Serafina alizinusa, akakisukuma kisahani taratibu.

"Kula wewe," alisema.

Koku alisimama pale mlangoni, akazila zote mbili. Zilikuwa zimetoka vizuri.