Game ya isolo ya marehemu mdogo wangu iligoma kwenye Windows mpya, na disketi ilikuwa Mwandoya

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimepita kwenye uzi wa jamaa anayelalamika kwamba game yake ya zamani inajifunga kila akiifungua kwenye Windows mpya, nikaona na mimi niandike. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi fupi ya kompyuta, kwa hiyo wataalamu mnirekebishe nikikosea. Ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Niko Bariadi mjini. Nina stationery, typing na photocopy.

Mdogo wangu aliitwa Masanja. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa nyumbani kwetu. Wakati ule ushirika umelegea na makampuni binafsi yanagombania pamba mpaka kijijini kwetu Kasoli ndani ndani, Masanja alipata kazi kwa mmojawapo wa wanunuzi hao, akawa anakaa kwenye kompyuta yao. Walipofunga ofisi wakaondoka, walimwachia ile kompyuta. Sitawasema vibaya, wangeweza kuondoka nayo.

Ilikuwa na Windows 98. Akaileta kwangu stationery, yeye akaenda Mwanza kusoma kozi ya programming.

Sasa isolo. Kwa wasio wa huku, isolo ni bao la Kisukuma, mashimo na kete. Baba yetu alikuwa mchezaji. Masanja alicheza naye tangu akiwa mdogo, na nadhani ndiye mtu pekee aliyekuwa anamfunga mzee mara kwa mara. Mimi nilikuwa nafungwa na wote wawili, hilo halina mjadala.

Masanja akiwa chuo akatengeneza game ya isolo ya kwenye kompyuta. Haikuwa na urembo. Mashimo yalikuwa duara za kahawia, kete nukta nyeupe. Ila alifanya jambo moja: alikaa likizo nzima akiifundisha kucheza kama anavyocheza yeye.

Masanja alikuwa na tabia yake. Analimbikiza kete kwenye shimo la pembeni kushoto, unamwona kama mjinga, halafu anazimwaga zote wakati umeshajisahau. Game nayo ikawa inafanya hivyo hivyo.

Mzee alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akavua kofia. Akasema, "Huyu mtoto amejifungia humo ndani ili anitukane akiwa mbali."

Wakuu, Masanja aliumwa, hakukaa muda mrefu, akafariki. Sitaeleza ugonjwa, haihusiani na uzi.

Baada ya msiba mzee alihamia kwangu mjini kwa sababu ya miguu. Mchana wateja wakipungua anavuta kiti, namfungulia game, anacheza na Masanja. Nimeandika "na Masanja" kwa sababu ndivyo alivyokuwa anasema. "Shija, nifungulie Masanja." Mwanzoni nilikuwa naona vibaya, baadaye nikazoea. Mpaka leo sijui kama nilikuwa namsaidia au namwongezea kidonda.

Masika moja radi ikapiga. Kompyuta ikaungua, na fundi akaniambia hard disk nayo imekwenda.

Nikanunua mashine nyingine, imetumika, ina Windows XP. Game sina. Nikampigia Deo, rafiki yake Masanja waliyesoma naye Mwanza. Akasema anayo kopi. Akaichoma kwenye CD, akaituma na basi.

Hapa ndipo shida ya uzi huu inapoanza.

Game inafunguka vizuri. Bao linatokea. Mzee anacheza kete zake. Ikifika zamu ya mashine, skrini inaganda kidogo, halafu inakuja ile message kwamba programu imepata tatizo na lazima ifungwe.

Kila mara. Zamu ya mzee inakwenda, zamu ya Masanja inajifunga.

Mzee akaniuliza, "Amekataa kucheza na mimi?"

Nikamwambia, "Hapana baba, ni Windows."

"Windows ni nani?"

Nikamweleza nilivyoweza. Akasema, "Basi mwambie apishe."

Nikaanza kuhangaika. Right click, properties, compatibility, nikachagua Windows 98. Ikajifunga. Nikapunguza rangi na ukubwa wa skrini. Ikajifunga. Nikazima sauti, nikabadilisha driver ya graphics, nikaifuta na kuiweka upya. Fundi wa pale mjini akaja akakaa nayo nusu siku na hakunitoza kitu, namshukuru mpaka leo. Akasema, "Kaka, game ya Windows ya zamani haitaki Windows mpya, ndivyo zilivyo." Na mimi niliamini, maana ndivyo ilivyoonekana.

Najua mtauliza kwa nini sikutafuta mashine ya zamani. Niliitafuta. Binza kule Maswa kulikuwa na mama mmoja wa secretarial bureau, bado anatumia 98. Nikaenda na CD yangu. Akaniruhusu, ila akasema, "Ukiniharibia hii, wewe ndiye utakayewachapia watu barua zao kwa mkono."

Bao likatokea. Nikacheza zamu yangu. Zamu ya mashine ikafika.

Ikajifunga.

Nilikaa pale nikiitazama ile skrini mpaka yule mama akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Maana yake Windows mpya tulikuwa tunaisingizia. Ugonjwa ulikuwa kwingine.

Nikampigia Deo pale pale. Akasema, "Ngoja. Kabla mashine haijacheza, inasoma faili. Lile alilofundishia uchezaji wake. Mimi nina programu tu, lile faili hakunipa. Ile kompyuta yako ya kwanza ilikuwa nalo kwenye hard disk."

"Hard disk iliungua."

"Alikuwa na kopi kwenye disketi. Ameiandika ISOLO kwa kalamu ya wino mzito. Tafuta disketi zake."

Wakuu, hapa nilikaa chini kwenye ngazi ya duka la watu. Kwa sababu disketi za Masanja nilijua zilipo.

Kwetu msiba ukifika mwisho ukoo unakaa na kugawa vitu vya marehemu. Huyu shati, huyu redio, huyu blanketi. Kila mtu wa karibu aondoke na kitu cha kumkumbukia. Masanja alikuwa kijana, hajaoa, nguo zake chache, na ndugu tuko wengi. Nguo zilipoisha bado kulikuwa na watu wamekaa mikono mitupu. Baba mdogo aliyekuwa anasimamia akaona boksi la disketi. Zilikuwa za rangi rangi, zina mwandiko wake Masanja. Akazigawa, mmoja moja.

Msimlaumu. Hakuna aliyelalamika, na mimi nilikuwepo. Nakumbuka watu walifurahi, kwa sababu shati lingechakaa na ile ilikuwa imeandikwa na mkono wake mwenyewe.

Ya ISOLO alichagua shangazi Mbuke, dada yake baba. Hajui kusoma sana ila neno lile alilitambua. Akasema hii ni ya kaka yake na mtoto wa kaka yake, ataitunza yeye. Akaondoka nayo Mwandoya.

Nikaenda Mwandoya.

Nilimkuta anaanika mtama. Tukasalimiana, "mwangaluka," na habari za wote, mpaka habari za ng'ombe ambao mimi sina. Nikaeleza shida. Akanitazama kwanza.

"Umekuja kuninyang'anya? Kitu cha msiba hakirudi, Shija."

"Naazima tu, shangazi. Ni kwa ajili ya baba."

"Kaka yangu anaumwa?"

"Haumwi. Anataka kucheza na Masanja."

Hakuuliza maana yake. Alinawa mikono, akaingia ndani, akaniita.

Disketi ilikuwa juu ya kabati, imesimamishwa pembeni ya picha ya Masanja, chini yake kuna kitambaa cha kufuma. Wakuu, ilikuwa inang'aa. Nyumba ile ina vumbi kila mahali, lakini ile disketi ungesema imetoka dukani siku hiyo.

Nikamsifu. Nikamwambia umeitunza sana.

Akafurahi. Akasema, "Kila Jumamosi namwogesha. Vumbi la huku unalijua. Hiki kimlango cha chuma nakisukuma hivi, nafuta mpaka ndani kabisa, kwa maji na sabuni kidogo. Ndani kuna kitu cheusi cheusi, mwanzoni kilikuwa kinatia doa. Siku hizi ni kisafi."

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema asante.

Kwa vijana ambao hawakuzikuta: kile cheusi cha ndani ndicho kinachobeba kila kitu. Hata kidole hakitakiwi kukigusa.

Aliifunga kwenye kanga akanikabidhi. Akasema, "Usije ukanirudishia ya mtu mwingine. Naijua."

Nikafika Bariadi, mzee amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, amevaa shati la kutokea. Mtu alikuwa ameshampigia kwamba nimeipata.

Nikaiingiza. Drive ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kikaja kidirisha kinasema disketi haijaandaliwa, je, iandaliwe sasa?

Mzee akaniuliza, "Anasemaje?"

"Inauliza kama tufute tuanze upya."

Akasema, "Mwambie hapana."

Nikabonyeza No.

Nilijaribu tena na tena, kwenye mashine yangu na za watu. Nikampelekea Deo Mwanza, akajaribu na programu zake za kufufua vitu. Alinirudishia na basi na hakuweka maneno mengi. Alisema hakuna kilichobaki cha kusoma.

Nilimweleza mzee yote, na ile sabuni. Sikuona haki kumficha. Akasema, "Mrudishie mwenyewe. Usimwambie habari ya maji. Yeye kila wiki alikuwa na Masanja, na mimi nilikuwa naye kwenye bao. Tusimwachie ajione amemuua."

Nikairudisha Mwandoya. Shangazi akaichunguza kama imebadilishwa, akaridhika. Akauliza, "Ilisaidia?"

Mimi kusema uongo kunanishinda, siyo kwa sifa, uso wangu tu unanisaliti. Nikamwambia, "Imetusaidia kujua tatizo lilikuwa wapi." Hiyo ilikuwa kweli. Bado najiuliza kama kweli ya namna ile siyo uongo uliovaa vizuri. Wenye hekima mtaniambia.

Baadaye Deo alinipigia. Alikuwa ameumia moyo, nilimsikia. Akasema amekaa ametengeneza faili jingine, la uchezaji wa kawaida, game haitajifunga tena. Akalituma kwenye CD.

Nikaweka. Mzee nikamwambia wazi kwamba hili limeandikwa na Deo. Akaitikia kwa kichwa.

Akacheza zamu yake. Zamu ya mashine ikafika. Skrini haikuganda. Kete zikatembea shimo hadi shimo, vizuri kabisa, kwenye Windows mpya ile ile tuliyoisingizia. Nilitaka kupiga makofi.

Mzee akacheza tena. Mashine ikajibu. Nikamwona anaangalia lile shimo la pembeni kushoto. Anacheza, anaangalia pale. Mashine inachukua kete za pale inazisambaza mapema, kama mtu yeyote anayejua isolo.

Baada ya zamu kadhaa akasema bila kugeuka, "Huyu ni mgeni."

"Ndiyo, baba."

"Ametoka wapi?"

"Mwanza."

Nikanyoosha mkono nizime. Akanizuia. "Acha. Mgeni haachwi katikati ya bao."

Akacheza mpaka mwisho. Alishinda. Alikaa sawa kwenye kiti, akaiambia ile skrini, "Wabeja," yaani asante, kama unavyomshukuru mtu aliyekutembelea. Halafu akachukua fimbo yake akaenda kukaa nje.

Hakuniambia tena nifungue. Sikumuuliza. Aliishi mpaka pamba iliyofuata ilipovunwa, akafariki kwa amani, Kasoli, kwenye nyumba yake, kama alivyotaka.

Sasa nilichojifunza, nikiwa mtu wa elimu ndogo.

La kwanza ni la kompyuta. Game ikijifunga, usikimbilie kuilaumu Windows. Angalia inajifunga wakati inafanya nini. Yangu ilikuwa inaniambia kila siku, inajifunga kwenye zamu ya mashine, na mimi nabadilisha rangi za skrini. Ijaribu na kwenye mashine ya zamani mapema. Na kitu cha pekee, weka kopi zaidi ya moja, nyumba tofauti.

La pili sijui nilisemeje. Mkikaa kugawa vitu vya marehemu, kabla ya kugawa ulizeni kila kitu kilikuwa kinafanya kazi gani. Hata kile kidogo. Kuna kitu kinatakiwa kufutwa vumbi na kuna kitu hakitakiwi, na anayekipokea kwa mapenzi hawezi kujua kama hajaambiwa. Simlaumu shangazi. Kati yetu wote tuliopewa disketi zile, yeye ndiye pekee ambaye hakuipoteza. Ya kwangu mimi sijui ilipo.

Shangazi bado yupo, mzee sana sasa, na hajui. Watoto wangu wanasema ningemwambia. Mimi nimemwachia Masanja wake.

Kama kuna mtu humu aliwahi kufufua disketi iliyoingia maji, aniambie hata kama ni baada ya miaka yote hii, nitakwenda kuiazima tena. Na kama mnaona nilikosea kwa shangazi, semeni wakuu, nasoma zote. Majibu yangu yatachelewa tu, mtandao wa huku mnaujua.