Nilivyokwenda Kuwapeleleza Wakwe Mnarani

Kwetu binti haozwi kabla ukoo wa mchumba haujaulizwa. Unatuma mtu mtaani kwao, anaketi na majirani, anarudi na habari: wana hasira hawa, wana maradhi ya kurithi, mama mkwe ni moto wa kuotea mbali. Lakini Hodan wangu kapendana na Kieran, kijana wa Ireland aliyesilimu, ambaye mamake anaishi kwenye mnara wa kale wa mawe huko kwao Ireland, mashambani. Nimtume nani? Mume wangu ni marehemu, kaka zangu wako Garissa. Na Hodan alitaka jibu kabla ya Ramadhani. Nikikataa, alisema, hataolewa na mwingine. Ukaidi huo najua kautoa wapi. Nikajituma mwenyewe, kwa siri.

Ijumaa asubuhi niliondoka mtaani kwetu Hodge Hill na jirani yangu Mama Furaha, mzaliwa wa Bukavu. Hodan nilimwambia tunakwenda harusini Leicester. Nilivaa miwani ya jua ili nisitambulike, na shingoni nikaning'iniza kamera isiyo na betri. Ndani ya treni ya kwenda bandari ya Holyhead nilijiona jasusi hasa.

Kwenye feri ya kwenda Ireland ujasusi ulinitoka wote, pamoja na kifungua kinywa. Nilijiinamia juu ya mfuko wa plastiki nikiweka nadhiri za kila aina, huku Mama Furaha akila chipsi pembeni yangu. Usiku huo tulilala Dublin.

Jumamosi, basi lilitushusha kwenye kijiji chenye kanisa, baa na duka. Mvua ilikuwa ikinyesha. Ng'ombe walituangalia, na watu pia.

"Dada, toa ile miwani," Mama Furaha alisema. "Mvua inanyesha. Banaangalia sisi tu."

Sikuitoa. Niliingia dukani, nikanunua biskuti, nikaanza kazi. Nilimwambia muuzaji kwamba mimi ni mtalii, naitwa Jane. Jane, na hijabu yangu mpaka kiunoni! Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha wakati tu, wale wa mnarani ni watu wa namna gani. Wanagombana? Kuna wendawazimu katika ukoo?

Yule bwana alifikiri kidogo. "Wendawazimu?" alisema. "Wote, lakini kidogo kidogo."

Saa nane mchana tulifika mnarani. Nilitazamia kasri. Nikaona jumba jembamba la mawe, refu, limeota majani kichwani, na vidirisha vya kupitisha mkono.

"Batu banapumua namna gani mule?" Mama Furaha aliuliza.

Mlangoni alitupokea Nora, mamake Kieran, mwanamke mrefu aliyevaa buti za shambani. Kila Jumamosi huwatembeza watalii. Alitusimamisha chini ya tundu kwenye dari akaeleza kwamba zamani wageni wasiotakiwa walimwagiwa maji ya moto kutoka pale. Alilisema hilo akinitazama mimi. Nikasogea.

Ngazi ilizunguka kama konokono. Nora alionya kwamba kuna kidato kimoja kilijengwa kirefu makusudi, adui ajikwae. Nilikuwa nimeshajikwaa. Mama Furaha alinidaka kwa nyuma, akacheka mpaka mawe yakaitika.

Ghorofa ya juu palikuwa na moto, meza, na sahani iliyofunikwa kitambaa. Nora akafunua. Sambusa! Zimefumuka pembe zote, nyingine zimeungua, lakini harufu ya bizari ile ni ya jikoni kwangu.

"Ni za samaki," alisema. "Nyama ya halali sikuipata. Hodan alinielekeza kwa simu wiki iliyopita, akaniambia nijizoeze, ipo siku utakuja. Karibu, Mama Hodan. Wa dukani ni shemeji yangu. Amenipigia."

Natamani ningeweza kuandika kwamba nilijibu kwa heshima. Nilisema, "Jane ni jina langu la pili." Mama Furaha alijificha uso kwa mtandio.

Nora hakucheka. Alikaa mbele yangu. "Nina mtoto mmoja tu," alisema. "Usipotupenda, atavunjika. Usiulize dukani. Niulize mimi."

Maswali yangu yote yalikimbia. Niliona aibu, nikaiona pia hofu yake, nayo ilikuwa hofu yangu mwenyewe. Likabaki swali moja, lile linalonikosesha usingizi.

"Wakigombana," nikamuuliza, "wewe utakuwa upande wa nani?"

"Wa binti yako," alijibu papo hapo. "Wangu namjua."

Tulikula sambusa zote, na zile za kuungua.

Jumapili jioni nilirudi Hodge Hill. Njia nzima nilikuwa nikiwaza kwamba ningeweza kuwahoji majirani wa Nora mwaka mzima nisipate jibu nililopata kwa kumuuliza mwenyewe. Hodan alikuwa amekaa kwenye ngazi, bado kavaa koti. Nora alikuwa ameshampigia simu, lakini alikataa kumwambia tuliyozungumza.

"Mum, just say it," alinihimiza niseme tu. "Please."

Nilikuwa nimetunga hotuba kwenye feri wakati wa kurudi, yenye aya na methali. Ikanipotea yote.

"Mwambie Kieran alete wazee wake," nikasema.

Kwetu maneno hayo yana maana moja tu. Hodan alifunika uso kwa viganja akalia, nami nikakaa pale chini ya ngazi, nikalia kumshinda.